Makala ya Bure Uliyotaka Kuilipia

HAMISI: Asalaam aleikum wasikilizaji wetu, mlioko Tanga mjini, Muheza, Pangani, Korogwe na kokote mnakotusikia. Mimi ni Hamisi, na mwenzangu ni Bi Zuhura wetu, mkutubi. Shikamoo, Bi Zuhura.

ZUHURA: Marahaba, mwanangu. Msimu wa tasnifu umeingia, maktaba haina kiti.

HAMISI: Basi nina swali linaloendana na msimu. Msikilizaji wetu yuko mwaka wa tatu, anaandika kuhusu manamba, wale vibarua wa mkataba, wa mashamba ya mkonge hapa mkoani enzi za Mwingereza. Kaingia kwenye katalogi ya chuo, kaandika kichwa chote cha utafiti wake, jibu likaja sifuri. Akahamia Google, akakuta makala moja nzuri kweli, lakini ikamdai dola. Anauliza: alipe, au abadili mada?

ZUHURA: Asilipe, na mada asiibadili. Hilo la kubadili mada ndilo linaloniuma. Mkonge ndio ulioijenga Tanga hii. Hindorf, yule Mjerumani, aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapandwa Kikogwe kule Pangani, na mashamba yakaenea mkoa mzima. Watu wakaletwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Songea na kwingine, wakakata mkonge, wengine wakazeekea hapa hapa. Leo mjukuu wao anataka kuandika habari zao, halafu arudishwe nyuma na kisanduku cha kutafutia? Hapana.

HAMISI: Lakini sifuri ni sifuri, Bi Zuhura. Mtu akiiona anajua chuo hakina kitu.

ZUHURA: Hapo ndipo wengi wanapopotea. Katalogi inajua vitu ambavyo maktaba inavimiliki: kitabu, tasnifu iliyowahi kuwasilishwa, jarida kwa jina lake. Makala zilizomo ndani ya jarida haizijui. Jarida linaweza kuwa na makala mia za mkonge, katalogi ikakuonyesha jina la jarida tu. Makala zinakaa kwenye kanzidata, yaani hazina za makala zilizoko mtandaoni. Sasa huyu kijana ametafuta makala mahali pa vitabu, tena kwa sentensi yenye maneno kumi na mbili. Kitabu gani kitakuwa na maneno yote hayo kumi na mawili kwenye jina lake?

HAMISI: Kwa hiyo katalogi aiache?

ZUHURA: Asiiache hata kidogo, aanze nayo. Tena anaanzia nayo kwa sababu ambayo wanafunzi hawaifikirii. Vitabu vyetu vimepangwa kwa mfumo wa Dewey, uliotoka mwaka 1876, na mfumo ule unapanga kwa fani. Mkonge kama zao uko 633.5, kwenye mimea ya nyuzi. Historia ya Tanzania iko 967.8. Habari za wafanyakazi na ujira ziko 331. Mtu anayetembea kwenye rafu kwa macho atasimama 967.8, atachukua vitabu viwili, ataondoka. Kile kinachowahusu manamba hasa kiko 331, upande mwingine kabisa wa chumba. Katalogi inavikusanya vyote kwenye ukurasa mmoja. Aandike neno moja tu, sisal, aone kinachokuja.

HAMISI: Kwa Kiingereza.

ZUHURA: Vitabu vingi vya mada hiyo vimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo aanze na sisal. Kisha arudie na mkonge, kisha manamba. Akipata kitabu kimoja kinachomfaa, asikimbilie rafu. Akifungue pale pale kwenye skrini, ashuke chini, ataona mstari wa mada, zile mada ambazo mkutubi alikipangia kitabu. Abofye mojawapo. Vitabu vyote vyenye mada hiyo vinakuja, hata vile ambavyo neno sisal halipo kwenye jina lake.

HAMISI: Sasa twende kwenye kanzidata. Na hiyo dola.

ZUHURA: Hiyo dola inanisikitisha kila mwaka. Sikiliza. Kanzidata haikujui wewe Hamisi. Inaijua anwani ya mtandao wa chuo. Ukikaa maktaba, makala inafunguka. Makala ile ile ukiifungua ukiwa nyumbani Makorora kwa bando lako la simu, inakudai dola, kwa sababu haioni kwamba wewe ni wa chuo. Dawa yake ni kupitia ukurasa wa maktaba, uingize jina na nywila ulizopewa, ndipo uende kwenye kanzidata. Ukianzia Google unafika kwenye mlango wa mgeni.

HAMISI: Na kama chuo ni kidogo, hakina hela za kununua kanzidata?

ZUHURA: Wasikilizaji wanisikie vizuri hapa. Kuna mpango wa kuzifungulia taasisi majarida ya kitaaluma, unaitwa Research4Life. Ndani yake ipo Hinari ya afya, iliyoanza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani. Ipo AGORA ya kilimo, 2003, chini ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo. Kuna ya mazingira, ya teknolojia na ya sheria. Tanzania imo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake zinapata bure. Chuo kinajisajili, mkutubi anapewa nywila. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mkutubi wako ni hili: tumesajiliwa Research4Life? Kama bado, mwombe asajili, maana hiyo ni kazi yake.

HAMISI: AGORA itamfaa huyu wa manamba?

ZUHURA: Kwa upande wa zao lenyewe, ndiyo. Kwa historia aende JSTOR, kanzidata ya majarida ya kitaaluma. Kama chuo chake hakinayo, afungue akaunti yake binafsi ya bure. Anaruhusiwa kusoma mtandaoni hadi makala 100 kwa mwezi. Pia kuna AJOL ya Afrika Kusini, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998, na nyingi humo unapakua bila kulipa chochote.

HAMISI: Haya, amefika JSTOR. Anaandika nini? Tumpeleke hatua kwa hatua.

ZUHURA: Achukue kalamu. Mada yake ina vitu vitatu: zao, watu, mahali. Zao ni sisal. Watu ni labour, lakini Mmarekani anaandika labor bila u, kwa hiyo aandike labo kisha alama ya nyota (*), inayosimama badala ya herufi zozote zinazofuata, mashine itamletea zote mbili. Mahali ndipo penye mtego. Akiandika Tanzania atakosa karibu kila kitu cha kipindi anachokitafuta, maana kuanzia 1920 mpaka 1964 nchi iliitwa Tanganyika, na waliokuwa wakiandika wakati ule waliandika hivyo. Kwa hiyo aweke mabano, ndani aandike Tanganyika OR Tanzania OR Tanga, yaani lolote kati ya hayo. Kisha vitu vitatu aviunganishe kwa AND, kwa herufi kubwa, ili vyote vitatu viwemo.

HAMISI: Nimeandika hapa: sisal AND labo nyota AND, mabano, Tanganyika OR Tanzania OR Tanga.

ZUHURA: Ndiyo hiyo. Akitaka maneno mawili yakae pamoja, kama migrant labour, ayafunge kwa alama za mtajo.

HAMISI: Nimejaribu Tanga peke yake, Bi Zuhura. Imeniletea vita tupu.

ZUHURA: Ile ya Novemba 1914, Waingereza walipotua hapa wakashindwa na jeshi la Wajerumani. Imeandikwa sana. Wengine watakwambia uweke NOT battle ili uiondoe. Mimi siipendi NOT. Makala nzuri ya manamba ikitaja vita hiyo kwa sentensi moja, nayo inatupwa, na hutajua kama ilikuwepo. Afadhali uongeze neno linalokusogeza karibu na jambo lako kuliko kufukuza usilolitaka.

HAMISI: Na wa sayansi je? Nina rafiki anaandika kuhusu silikanti, yule samaki wa kale.

ZUHURA: Huyo atumie jina la kisayansi, Latimeria. Litamletea makala za Tanga, za Komoro, za Afrika Kusini alikotambuliwa mara ya kwanza 1938, zote kwa pamoja. Wa mkonge naye aongeze Agave sisalana akiwa AGORA.

HAMISI: Akipata makala moja nzuri, anaishia hapo?

ZUHURA: Hapo ndipo anaanza. Aende ukurasa wa mwisho, asome marejeo. Mwandishi yule alishahangaika kwa miaka, amekuachia orodha. Kila kitabu anachokiona humo akirudishe kwenye katalogi yetu, aone kama tunacho. Kisha aende Google Scholar, ile Google ya makala za kitaaluma, aandike jina la makala ile, abofye palipoandikwa imenukuliwa na nani. Ataona walioandika baada yake. Kwa makala moja amekwenda nyuma na amekwenda mbele.

HAMISI: Na ile iliyomdai dola, ikiwa hata chuoni haifunguki?

ZUHURA: Amwandikie mwandishi. Barua pepe yake huwa ipo ukurasa wa kwanza wa makala. Aandike mistari minne: jina lake, kwamba ni mwanafunzi wa Tanga, anachofanyia utafiti, na jina kamili la makala anayoiomba. Waandishi wengi wanatuma, tena kwa furaha.

HAMISI: Ikija?

ZUHURA: Ikija, kabla hajaisoma, alibadilishe jina la faili: jina la mwandishi, mwaka, neno moja la mada. Kisha ajitumie nakala kwenye barua pepe yake mwenyewe. Asiiache kwenye flashi aliyoichomeka kwenye kompyuta ya steshenari.