Anzeni palipo pazuri: mhadhara kwa wasimamizi wa vikundi vya mazingira, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Wenyeviti wa mitaa, viongozi wa BMU, vile vikundi vya kusimamia uvuvi ufukweni, na ninyi akina mama wa vikundi mliojificha nyuma, sogeeni. Viti vya mbele havina kiingilio.

Nimeitwa nifundishe namna ya kuondoa magugu. Mimi naona kazi yenu kubwa ni kumzuia mwenye panga. Kibarua anajua kufyeka, hahitaji mhadhara. Msimamizi ndiye wa kusema: hapo bado.

Angalieni tunavyofanya kwenye vilima vyetu vya mawe. Kikundi kikikabidhiwa kilima, kinakimbilia pale lantana, kile kichaka kigeni kinachovamia, ilipofungamana kabisa, maana ndipo wageni wanapopigia picha. Kilima kinabaki cheupe, tunapiga makofi. Vuli ikinyesha, visiki vinachipua, mbegu zilizolala ardhini zinaamshwa na jua na jembe, na udongo unateremka kati ya mawe hadi ziwani. Mwaka unaofuata lantana ni nene kuliko ya kwanza, na bajeti imekwisha.

Kule Sydney, Australia, ambako lantana hiyohiyo ni balaa, palikuwa na dada wawili, Joan na Eileen Bradley. Miaka ya 1960 walikuwa wakipalilia msitu wa jirani kwa mikono, na wakaja na kanuni tatu. Anzeni palipo pazuri, mkielekea palipoharibika. Udongo usitibuliwe zaidi ya lazima. Na mwendo wa kung'oa ufuate mwendo wa mimea ya asili: isipojaza pale mlipotoa, msisogee mbele.

Hiyo ya tatu ndiyo inayowashinda watu. Mtaonekana wavivu.

Lakini Msukuma ashangae nini? Ngitili, yale malisho ya akiba, ni ya nani? Wazee walifunga eneo mvua zilipoanza na kulifungua kiangazi, malisho yakiwa yamebana. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986, nchi ile ilikuwa imekaribia kuwa jangwa. Miti mingi iliyorudi haikutoka kwenye vitalu. Iliota yenyewe ndani ya ngitili, kutoka kwenye mizizi na visiki hai. Kwa hiyo mtu akija na lori la miche kabla hajakagua kilichomo ardhini, mwambieni ashushe pumzi kwanza.

Sasa lantana yenyewe. Kukata peke yake ni kuipogoa. Kateni matawi, kisha ng'oeni lile fundo ambapo mashina yanakutana na mizizi, wakati udongo una unyevu, kabla matunda hayajaiva na ndege hawajayasambaza. Matawi yasiyo na matunda yaacheni palepale yafunike udongo. Msichome: moto unaua chipukizi mnazozitaka, na lantana inarudi na mvua. Wafugaji wanajua pia kwamba majani yake ni sumu kwa ng'ombe, kwa hiyo msiyatupe njia ya kwenda kunywesha.

Msimamizi ajue mimea ikiwa ingali midogo. Mche wa mgunga wetu wa asili na mche wa lusina, mti mgeni unaovamia, vyote vina vijani vidogovidogo kama manyoya, na kibarua atang'oa vyote au ataacha vyote. Tazameni miiba: lusina haina. Mkuyu na mkwaju navyo vifundishwe hivyo, kwa kushika mkononi, siyo kwa picha.

Miti vamizi mikubwa haina haja ya kuangushwa kwa kishindo. Kule Mahale, kwenye Ziwa Tanganyika, walijaribu kuichuna gome kuzunguka shina miti ya Senna spectabilis. Mti hufa umesimama, kivuli kinapungua taratibu, na miche ya chini haipondwi.

Ufukweni mambo ni tofauti kidogo. Gugumaji lilitufikia kutoka Amerika ya Kusini, likaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Wadudu jamii ya fukusi walioachiliwa miaka ya 1990 walisaidia sana kulipunguza. Bado linarudi, kwa sababu majitaka na mbolea tunazomwaga ndizo chakula chake. Mkiliopoa, lirundikeni mbali na mawimbi. Kipande kikirudi majini kinaendelea kukua. Mnakumbuka maji yalivyopanda mwaka 2020, basi pimeni kwa alama ile. Na matete na mafunjo si magugu! Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mwambao ndani ya mita 60, halafu tunafyeka mafunjo tukiita usafi.

Suala la malipo nalisema wazi ingawa litaniudhia watu. Mkataba unaolipa kwa mita za mraba zilizofyekwa unanunua uharibifu. Lipeni vibarua kwa siku, na fedha ya mwisho ya kikundi itolewe baada ya masika, mkikagua kilichoota.

Kuna aliyeuliza kuhusu dawa ya kuua magugu. Kando ya maji tunayokunywa na tunamovua, mimi siipendekezi, na kwa maeneo yenu madogo mikono inatosha.

Kitakachowashinda ni mbuzi. Chipukizi likitoka tu, mbuzi yupo. Kwa hiyo mkubaliane mapema nani atakata majani ya malisho na kuwapelekea mbuzi, na wapi mifugo itapita. Mwenye mbuzi aitwe kwenye kikao cha kwanza, kabla ya kununua majembe.