Aliyeshindwa Mtihani wa Photoshop Ameshindwa Nini Hasa?

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojaa huku nyuma, asanteni kwa kuja.

Nianze na swali la aina inayopatikana katika mitihani tutakayoizungumzia, ile ya mtandaoni inayotoa vyeti vya kutumia programu za usanifu. Unabadilisha ukubwa wa picha katika Photoshop, programu ya kuhariri picha: ushike kitufe gani ili uwiano wa urefu na upana usiharibike? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa Shift, na waliojifunza programu hiyo walilijua kwa vidole kabla hawajalijua kwa kichwa. Oktoba 2018 likatoka toleo lililoitwa CC 2019, mambo yakageuka. Picha ikawa inatunza uwiano wake yenyewe bila kushika kitufe chochote, na ukishika Shift ndipo inapovutika vibaya. Jibu lililokuwa sahihi wiki iliyotangulia likawa kosa. Tena, kwenye mipangilio ya programu hiyo upo uwezekano wa kurudisha utaratibu wa zamani, kwa hiyo watu wawili wenye toleo lilelile wanaweza kubonyeza kitufe kilekile na kupata matokeo mawili.

Mtahiniwa akikosa swali hilo, mtahini amejua nini juu yake? Angekuwa mbele ya kazi halisi, angeona picha inavutika, angeachia kitufe, na kazi ingeendelea bila mtu yeyote kugundua. Huko ni sawa na kumtahini seremala kwa kumuuliza rangi ya mpini wa randa yake. Lakini kwenye mtihani wa mtandaoni, saa inahesabu, kosa hilo ni alama iliyokwenda, na alama hiyo huenda ndiyo iliyombakisha nje ya cheti.

Samuel Messick, mmoja wa wataalamu wakubwa wa elimu ya upimaji, aliandika mwaka 1989 kwamba mtihani huharibika kwa njia mbili. Ama unaacha nje sehemu muhimu ya ujuzi unaodai kuupima, ama unaingiza ndani mambo yasiyohusu ujuzi huo. Mitihani mingi ya programu za usanifu inafanya yote mawili kwa pamoja. Inaacha nje jicho: kupanga maandishi yasomeke, kuchagua rangi zinazosikilizana, kuandaa faili ambalo mwenzako atalifungua kesho na kulielewa. Kisha inaingiza kumbukumbu ya majina ya menyu, kasi ya kusoma Kiingereza, nguvu ya intaneti ya mtahiniwa, na ustadi wa kunusa mtego katika sentensi kama "kipi kati ya hivi SI kweli".

Hili la Kiingereza linaniuma. Mtu anayetumia programu kwa lugha yake mwenyewe, akaizoea kwa alama na mahali zilipo kwenye skrini, anaulizwa jina la amri ambayo hajawahi kuiona kwa maandishi hayo. Mkono wake unaijua amri, ila mtihani haumpi nafasi ya kutumia mkono.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu hapa dhuluma haionekani kwa macho. Chukueni mtihani wa maswali 15, na alama ya kufaulu ni 11. Chukueni mtu ambaye kwa hakika anaweza kujibu asilimia 70 ya maswali yote yanayoweza kutungwa juu ya programu hiyo. Mara nyingi atapata kati ya 9 na 12, kutegemea ni maswali gani yamemwangukia. Ukipiga hesabu ya uwezekano, mtu huyu atafaulu takriban mara moja katika kila mara mbili. Ujuzi wake haujabadilika hata kidogo, wala hakulala vibaya. Maswali 15 ni machache mno kumtenganisha mtu wa 70 na mtu wa 75, na anayetoa cheti kwa msingi huo anarusha sarafu huku akiiita kipimo.

Huenda wengi wenu mnaikumbuka mitihani midogo ya ujuzi ya LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, iliyoanza mwaka 2019 na kuondolewa mwaka 2023. Ilikuwa ya maswali ya kuchagua, yenye muda mfupi kwa kila swali, na beji ilitolewa kwa walioingia katika asilimia 30 ya juu ya waliofanya. Tuitazame kanuni hiyo vizuri. Kufaulu kwako hakutegemei unajua nini tu, kunategemea pia wenzako wamepata nini. Halafu majibu yalikusanywa yakawekwa hadharani kwenye intaneti, kila mwenye kutaka akayasoma. Watu husema wizi wa mitihani unamfaidisha mwizi, basi. Kwa kanuni hii madhara yanamfikia pia asiyeiba: kila aliyeingia na majibu mfukoni anajaza nafasi katika ile asilimia 30, kizingiti kinapanda, na aliyejibu kwa akili yake anasukumwa chini bila kujua kilichomsukuma. Anaambiwa tu kwamba hakufaulu.

Kuna njia bora, na ipo tayari inatumika. Mitihani ya SolidWorks, programu ya kuchora vipuri na mashine kwa umbo la pande tatu (3D), humpa mtahiniwa mchoro wenye vipimo na kumwambia: jenga kipuri hiki, kisha niambie uzito wake kwa gramu. Katika swali hilo hakuna anayeuliza umepitia menyu gani. Ukikosea upana wa tundu moja, uzito unakataa. Na katika ngazi ya juu, ukishatoa jibu, vipimo vinabadilishwa na unaulizwa uzito mpya. Hapo ndipo uzuri ulipo, kwa sababu aliyejenga kipuri chake ovyo, kikifanana na mchoro kwa nje tu, kitavunjika mikononi mwake vipimo vikibadilika, ilhali aliyekijenga kwa mpango atabadilisha namba chache na kuendelea.

Najua pingamizi: kipuri kina uzito, bango halina. Ni kweli, na hakuna mashine itakayotupa gramu za uzuri. Hata hivyo yapo mengi ya kukaguliwa ndani ya faili lenyewe. Mpe mtahiniwa picha, mwambie aondoe mandharinyuma. Mmoja ataifuta kwa kifutio, na kilichofutwa kikishahifadhiwa hakirudi. Mwingine ataificha kwa barakoa, yaani kifuniko kinachoficha sehemu ya picha bila kuifuta, na picha ya asili ibaki nzima chini yake, mteja akibadilisha mawazo kazi haianzi upya. Kwenye skrini matokeo yanaweza kufanana kabisa. Fungua faili, tazama matabaka yaliyopangwa moja juu ya jingine ndani yake, na utamjua nani ni nani. Kompyuta inaweza kulisoma hilo, na mtahini mwenye uzoefu hahitaji muda mrefu. Ninachokataa ni ile mitihani ya kuigiza programu, ambapo mtu akipita njia tofauti na iliyotarajiwa na mtungaji anahesabiwa amekosea, wakati programu halisi ingemkubalia bila shida.

Usimamizi wa watahiniwa kwa kamera nitaugusa kidogo tu. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulipima programu za kibiashara za kutambua jinsia ya mtu kwa uso. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Programu hizo hazikuwa za kusimamia mitihani, ila anayekabidhi uso wa mtahiniwa kwa mashine ana wajibu wa kuonyesha kwanza kwamba mashine yake inamwona kila mtu sawasawa.

Kwa wanaotoa vyeti nina madai matatu, na sidhani ni makubwa. Tuelezeni alama ya kufaulu imetoka wapi. Zipo njia zinazojulikana, kama ile ya William Angoff ya 1971, ambapo jopo la wataalamu hulipima kila swali kwa kumfikiria mtu mwenye uwezo wa chini unaotosha kazi. Asilimia 70 iliyochaguliwa kwa kuwa ni namba nzuri haitoshi. Pili, andikeni ni toleo gani la programu kila swali limetungwa kwalo, na toleo likibadilika swali lipitiwe au litolewe. Tatu, wekeni mlango wa rufaa. Kiwango cha kimataifa cha vyeti vya watu, ISO/IEC 17024 cha 2012, kinataka taasisi iwe na utaratibu wa rufaa na malalamiko, na kinatambua kwamba kufundisha na kutahini chini ya paa moja ni hatari kwa haki. Katika fani yetu kampuni ileile huuza programu, huuza mafunzo, na hutoa cheti.

Sasa ni zamu yenu. Ningependa tuanze na waliowahi kushindwa mtihani wa namna hii, waseme ni swali gani liliwaangusha na walijibu nini. Kipaza sauti kipo pale kulia.