Injini Isiyopata Moto Ndiyo Inayokula Mafuta

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya gari dogo la zamani linalokwenda kazini na kurudi, kilomita tatu, nne au tano, na namna ya kulifanya lile mafuta kidogo. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili. Nitalisema tena, kwa sababu magari yanayoletwa mbele yangu bado yana kasoro ileile: injini haipati moto.

Jinsi injini inavyofanya kazi mnaijua, sitaanzia huko. Shikeni jambo moja tu. Petroli haiwaki ikiwa majimaji, inawaka ikiwa mvuke. Injini ikiwa baridi, sehemu kubwa ya petroli inayopulizwa na nozeli hunata kwenye kuta za njia ya hewa na za silinda, isigeuke mvuke. Basi kompyuta ya gari huongeza mafuta, ili hicho kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe kuwaka. Kwenye gari la kabureta, yaani la zamani lisilo na nozeli, kazi hiyo hufanywa na choki, kifuniko kinachopunguza hewa. Injini ikishapata moto, mchanganyiko unaotakiwa ni kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko hapo. Hiyo ya ziada hutoka kupitia ekzosi bila kukusogeza hata hatua, na nyingine hupenya pembeni mwa pistoni ikaingia kwenye oili.

Anayesafiri kilomita 40 hasikii kitu, maana dakika za baridi ni chache ukilinganisha na safari nzima. Wewe wa kilomita nne, dakika za baridi ndizo safari yako yote. Mamlaka za nishati za Marekani huwaambia madereva kwamba safari fupi kadhaa, kila moja ikianza na injini baridi, zinaweza kula mafuta maradufu ya safari moja yenye urefu uleule injini ikiwa na moto. Maradufu! Na sisi tunazozana juu ya plagi za aina gani.

Sasa nije kwenye themostati, na hapa nitakaa.

Themostati ni kidude kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake mna nta. Maji yakiwa baridi inafunga njia, maji yanazunguka ndani ya injini tu, hivyo yanapata moto upesi. Yakifika nyuzi 82 au 88 za Selsiasi, kutegemea namba iliyogongwa juu yake, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma pini, njia ya rejeta inafunguka. Haina umeme wala kompyuta. Ikizeeka, mara nyingi hukwama ikiwa wazi. Na isipokwama, kuna fundi atakayeitoa akaitupa.

Kuna mwalimu mmoja alinijia na gari lake dogo. Nyumbani kwake hadi shuleni ni mwendo wa dakika chache. Alikuwa amebadilisha plagi, ameosha nozeli, amebadilisha chujio la hewa, ameweka dawa kwenye tenki, ameambiwa injini imechoka na sasa anashauriwa anunue nyingine iliyotumika. Nikamwomba anichukue tu kama anakwenda kazini. Nilitazama mshale wa joto. Tulipofika shuleni ulikuwa haujanyanyuka hata robo ya njia yake. Tukaacha injini ipoe, nikafungua kifuniko cha themostati: patupu. Hakuna kitu. Kumbe siku za nyuma gari lilikuwa linachemsha kwenye foleni, fundi akaitoa ili maji yapite kwa wingi. Na lilikuwa linachemsha kwa nini? Feni ya rejeta haikuwa inawaka. Basi. Relei ya feni, ile swichi ya umeme inayoiwasha, ilikufa, na kwa ajili ya relei ile mama wa watu akaendesha injini baridi muda wote huo, akilipia petroli inayoosha silinda zake. Tuliweka relei mpya, tukaweka themostati mpya yenye namba iliyotajwa na mtengenezaji wa gari, na mshale ukaanza kufika mahali pake kabla hajafika shuleni. Akawa anarudi kituo cha mafuta kwa nafasi ndefu kuliko zamani. Ile injini ya kununua haikununuliwa.

Hadithi hii naisimulia kila ninapoitwa, na nitaendelea kuisimulia, maana inanikera kuona mtu ambaye fedha zake hazitoshi anauziwa kila kitu isipokuwa kipuri cha bei ndogo kuliko vyote.

Mtaniambia: huku kwetu kuna joto, themostati ni ya nchi za theluji. Hapana. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, injini inataka maji ya karibu nyuzi 90. Bado kuna nyuzi 60 za kupanda, na upepo wa mwendo unaipoza rejeta. Baridi kali huzidisha tatizo, lakini joto la nje haliliondoi.

Mtaniambia pia: bila themostati injini inapoa vizuri, ni salama zaidi. Hapana tena. Kwenye injini nyingi, themostati ikifunguka hufunga na kile kinjia cha pembeni kinachorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, kinjia kile kinabaki wazi daima, na siku ya mlima mrefu sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Kwa hiyo umepata injini isiyopata moto asubuhi na inayoweza kuchemsha mchana. Gari likichemsha, tafuteni sababu: feni, pampu ya maji, rejeta iliyoziba, kifuniko cha rejeta, gasketi ya silinda hedi. Kuitoa themostati si kutengeneza gari.

Jirani yake themostati ni sensa ya joto la maji. Hii ndiyo inayoiambia kompyuta kama injini ni baridi. Injini inaweza kuwa ya moto kabisa, lakini sensa ikiharibika au waya ukikatika, kompyuta inaweza kusoma baridi kali na kumimina mafuta. Gari lenye soketi ya OBD-II, pale pa kuchomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, mfumo uliolazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, halihitaji kubahatisha. Chomekeni mashine ya kusomea asubuhi kabla ya kuwasha: joto la maji lisomeke karibu sawa na la hewa ya nje. Kisha endesheni mtazame linavyopanda. Likigoma kupanda mkaona kodi, yaani namba ya hitilafu, P0128, hiyo inasema waziwazi kwamba maji hayafiki joto la themostati. Msiifute kodi mkaondoka!

Nasikia mtu anasema ndiyo maana yeye huliacha gari linanguruma dakika kumi kabla ya kutoka. Hilo ni kosa la upande wa pili. Injini inayonguruma imesimama haina mzigo, hivyo inapata moto polepole sana, na muda wote huo umekwenda kilomita sifuri. Injini ndogo ikisimama inanguruma hunywa kwa saa moja kiasi kinachokaribia nusu lita hadi lita nzima. Gari la nozeli likishawaka, subirini nusu dakika oili ifike juu, kisha ondokeni taratibu. Msikanyage mafuta kwa nguvu mpaka mshale uanze kupanda. Mwendo wa upole ndio unaoipasha injini kwa haraka na bila kuiumiza.

Na unganisheni safari. Ukishaipasha injini kwa kwenda kazini, pitia sokoni na dukani papo hapo injini ingali na moto, na anza na kituo cha mbali. Hili halina gharama yoyote, na kwa mtu wa safari fupi linashinda karibu kila kitu kinachouzwa dukani.

Naona nimetumia muda mwingi. Yaliyobaki nayapitia upesi.

Upepo wa matairi: pimeni tairi likiwa baridi, kila mwezi, kwa namba iliyobandikwa kwenye mlango wa dereva. Kila PSI 1 (kipimo cha upepo wa tairi) inayopungua kwenye matairi yote hula kama asilimia 0.2 ya mafuta. Matairi yote yakipungua PSI 10 mnalipia asilimia 2, pamoja na matairi yenyewe.

Breki inayoshika: kwenye magari ya zamani ni kawaida. Baada ya safari isiyo na breki nyingi sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiguse. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, huenda kalipa, kile kinachobana breki, imekwama.

Oili: gari kuwa la zamani si sababu ya kumimina oili nzito. Tumieni daraja lililo kwenye kitabu cha gari. Namba iliyo kabla ya herufi W kwenye daraja hilo ndiyo ya baridi, na injini zenu zinaishi kwenye baridi. Na kwa kuwa petroli na maji huingia kwenye oili ya gari la safari fupi, badilisheni mapema, msisubiri kilomita zilizoandikwa zitimie.

Chujio la hewa? Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ililipima jambo hili: kwenye gari la nozeli, chujio chafu hupunguza nguvu, lakini mafuta hayabadiliki kwa kiasi cha maana, kwa sababu kompyuta inajipanga. La kabureta ndilo linaloumia. Sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta na vidude vya namna hiyo, wakala wa mazingira wa Marekani umepitia zaidi ya vifaa mia moja, na ni vichache mno vilivyoonyesha hata faida ndogo. Kuteremka mlima na gia ya nyutro hakusaidii: injini ikishapata moto, ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, kompyuta ya gari la nozeli hufunga mafuta kabisa, ukiweka nyutro, injini inaendelea kunywa, na breki ya injini umeitupa.

Kupima nilitaka nieleze kwa kirefu, muda hautoshi. Jazeni tenki, andikeni kilomita, jazeni tena pampu ileile, gawanyeni kilomita mlizokwenda kwa lita mlizojaza. Tenki moja halitoshi kuamulia. Angalieni matatu au manne, na badilisheni kitu kimoja kwa wakati.

Karibuni kwa maswali. Kila anayeuliza aanze kwa kuniambia gari ni la mwaka gani, safari yake ni kilomita ngapi, na anapofika kazini mshale wa joto unasimama wapi.