Jenereta Inayowaka Kila Ijumaa

SISTA: Karibuni tena, wasikilizaji, kutoka hapa Tabora. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na mwenzangu, ambaye sote tunamwita Fundi, hutunza majengo na mitambo katika kituo chetu cha afya. Leo tunajadili namna ya kupima kama kazi hiyo ya utunzaji inafanyika ipasavyo. Fundi, naomba nianze kwa kulalamika.

FUNDI: Lalamika tu, Sista, nimezoea.

SISTA: Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, jenereta iliwashwa kila Ijumaa asubuhi kwa dakika kumi, ikanguruma, ikazimwa, na katika taarifa ya mwezi ikaandikwa "ipo, nzima". Usiku mmoja umeme ulikatika mama akiwa mezani katika chumba cha upasuaji. Jenereta iliwaka kama kawaida yake, lakini ilipobebeshwa taa, mashine ya kufyonza na ile ya oksijeni, ikazima. Tulimaliza kwa tochi za simu. Mama na mtoto walitoka salama, ila taarifa ya mwezi ule nayo ilisema "ipo, nzima".

FUNDI: Na aliyeiandika hakudanganya, maana aliulizwa kama chombo kipo, naye akajibu kwamba kipo. Isitoshe, jenereta ya dizeli inayowashwa mara kwa mara bila mzigo haipati joto la kutosha kuunguza mafuta yote, hivyo masizi hujikusanya kwenye injini na bomba la moshi, na nguvu yake hupungua. Huenda jaribio lile la Ijumaa lilikuwa likiidhoofisha. Ningeuliza hivi: tangu umeme ukatike hadi taa ya upasuaji iwake tena zilipita sekunde ngapi, na mzigo wote ulihimiliwa kwa muda gani? Jibu lake hulipati kwenye banda la jenereta, unalipata pale mezani.

SISTA: Maji nayo ni vivyo hivyo. Wengi wetu hapa mjini tulikua tukitegemea bwawa la Igombe, na tangu maji ya Ziwa Victoria yafike, watu husema suala la maji limekwisha. Bomba kufika getini si sawa na maji kutoka kwenye sinki la chumba cha kujifungulia. Mimi sihesabu simtanki, nahesabu siku ambazo sinki lile lilikauka.

FUNDI: Hapo nitakupinga kidogo, kwa sababu si kila kitu huonekana kutoka wodini. Mwezi ambao hukuniona kabisa huenda nilifanya kazi nzuri kuliko mwezi ulioniita mara thelathini. Kwa hiyo nami nihesabiwe: kati ya kazi zote nilizofanya, ngapi zilikuwa matengenezo ya kinga yaliyopangwa, na ngapi zilikuwa za kukimbizana na hitilafu?

SISTA: Nakubali, na nakiri kosa letu wauguzi: bomba likivuja tunalifunga kwa kipande cha glovu, hatutoi taarifa.

FUNDI: Vipande hivyo ninavyo ndoo nzima! Ndiyo maana nasisitiza daftari moja la hitilafu, lenye saa ya taarifa, saa niliyofika, saa kifaa kilipopona na, zaidi ya yote, sababu. Koki ileile ikiandikwa mara tatu, tatizo si koki, pengine ni shinikizo la maji au tulinunua kitu hafifu.

SISTA: Tathmini ya nyota, ile ya kuvipa vituo vya afya nyota kulingana na ubora wa huduma, iliyoanza mwaka 2015, ilitufundisha kujipima, ingawa nimeona kuta zikipakwa rangi siku mbili kabla ya wakaguzi. Katika zile S tano za kuweka mahali pa kazi katika mpangilio, yaani sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia, hiyo ya mwisho ndiyo hutushinda.

FUNDI: Taka ndizo hazifichiki. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 85 hivi ya taka za huduma za afya ni za kawaida, zisizo na hatari. Ukipima uzito na kukuta mfuko mwekundu, ule wa taka zenye maambukizi, unazidi ule wa taka za kawaida, ujue maganda ya ndizi yameingia humo, na mafuta ya tanuri la kuchomea taka yanateketea bure.

SISTA: Na fedha? Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, lakini katika kamati ya kituo inayopanga matumizi, dawa hushinda koki daima.

FUNDI: Hushinda kwa sababu dawa ina leja na koki haina. Nikienda na daftari linaloonyesha siku ambazo friji ya chanjo ilitoka nje ya nyuzi 2 hadi 8, hakuna mjumbe anayenikatalia.

SISTA: Swali moja: nani anathibitisha kwamba kifaa kimepona?

FUNDI: Aliyeita ndiye anayesaini, si fundi.

SISTA: Basi lile sinki la wodi ya wazazi uliloandika limepona Jumanne, mimi sijasaini.

FUNDI: Kesho saa mbili asubuhi nitakuja na koki mpya.