Shakwe wa Mwanza: Umri Kwanza, Jina Baadaye

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Niliombwa niwaeleze habari za shakwe, nami nikasema basi tukutane hapa hapa mwaloni, maana darasa lenyewe limeshatua juu ya mitumbwi.

Nianze na aibu yangu. Mwaka wa kwanza kutazama ndege ziwani, niliandika daftarini shakwe wa aina nne. Nikajiona bingwa. Kumbe watatu kati yao walikuwa ndege yule yule: kinda wa msimu uliopita, kijana na mkubwa wake. Nilisoma rangi, umri nikauruka.

Haya, tazameni yule mdogo mwenye mdomo mwekundu. Huyo ni shakwe kichwa-kijivu, mwenyeji. Huzaliana huku huku Afrika. Mkazie jicho: limepauka. Yuko binamu yake wa kutoka Ulaya na Asia, shakwe kichwa-cheusi, ambaye jicho lake ni jeusi. Huyo akija huku kichwa kimeshageuka cheupe, kimebaki kidoa tu nyuma ya jicho. Kwa hiyo jina lisiwachanganye.

Sasa pale kwenye jiwe. Mkubwa, mgongo mweusi kama chungu cha kuni, miguu ya njano. Ni shakwe mgongo-mweusi, na kabila lake hili huzaliwa Ufini, Sweden na kaskazini mwa Norwei. Hushuka kwa upande wa mashariki wa Mediterania, akafuata Naili hadi ziwani. Hatubahatishi: wapo waliovishwa pete za miguuni wakiwa makinda, na wapo waliofungwa vifaa vinavyofuatiliwa kwa setilaiti.

Na yule wa madoa ya kahawia pembeni yake? Mvuvi mmoja alinibishia kwamba ni mwewe. Sikumlaumu. Ni shakwe mgongo-mweusi huyo huyo, wa mwaka wa kwanza, mdomo wote mweusi. Itamchukua kama miaka 4 kukamilika: mgongo unaingia weusi vipande vipande, kama shati lililotiwa viraka, na mdomo unageuka njano. Wengi wa vijana hawa hawarudi kwao msimu wa kwanza. Wanabaki kusini, hawana cha kuwahi.

Ukimpata mkubwa karibu, angalia ncha ya mdomo upande wa chini. Pana doa jekundu. Nalo si pambo. Kinda hulidonoa, mzazi akatapika chakula. Mtafiti wa tabia za wanyama, Niko Tinbergen, aliwajaribu makinda wa shakwe wa jamii hiyo kwa vichwa vya kadibodi vilivyopakwa rangi, akaona doa jekundu ndilo linalowachochea zaidi kudonoa. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili kwa kazi za tabia za wanyama.

Subirini, ameruka! Mbawa, mbawa! Mmeona mapengo? Ndugu zake wa magharibi mwa Ulaya huanza kubadili manyoya marefu ya mbawa wakiwa bado kwao. Huyu wetu karibu yote huyangoja mpaka afike huku. Januari hii anayaotesha upya kwa samaki wa ziwa hili, na ndiyo yatakayompeleka Ufini.

Darubini ni mbili tu, tupokezane. Mzee wa kofia, anza wewe. Yule juu ya ngalawa iliyopinduliwa: usiniambie jina lake, niambie kwanza ana miaka mingapi.