Upepo wa noti 25 utamfanya nini mtu wa Kizingitini? Mazungumzo na mabaharia, Lamu

Assalaam aleikum wazee wangu, manahodha, akina mama, na nyinyi vijana wa BMU, vikundi vyetu vya wavuvi vya kusimamia fukwe, mliotoka Faza na Kizingitini alfajiri mkawahi kupita kabla maji hayajapwa, ahsanteni sana. Lililonileta ni moja. Hizi mesej za hali ya hewa zinazotufikia kwenye simu, nataka tuzibadilishe, na kazi hiyo mtu wa Nairobi hawezi kuifanya bila nyinyi.

Mesej yenyewe mnaijua: upepo wa kusi unaozidi noti 25 na mawimbi ya zaidi ya mita 2 yanatarajiwa pwani ya Kenya. Hesabu zake ziko sawa kabisa, noti 25 ni kama kilomita 46 kwa saa. Lakini pwani ya Kenya ni kuanzia Vanga mpaka Kiunga jamani! Na upepo huohuo, meli ya makontena iliyofunga gati pale Kililana haina hata habari nao, mwenye jahazi atapunguza tanga aendelee na safari yake, boti ya faiba iliyojaza abiria na ina mashine moja tu hiyo iko mashakani, halafu kijana wa mtumbwi aliyetoka nje ya mwamba kule Kiwayu peke yake, huyo huenda tukamtafuta siku tatu. Watu wanne, mesej moja, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa yeye afanye nini.

Wataalamu wenyewe wameliona hili zamani. Uingereza walianza kutoa onyo kwa kuangalia madhara mwaka 2011, na 2015 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likatoa mwongozo kwa nchi zote. Yaani unauliza mambo mawili: madhara yatakuwa makubwa kiasi gani, na kuna uwezekano gani yatokee kweli. Ukiyaweka pamoja ndio unapata rangi, njano, chungwa au nyekundu. Kasi ya upepo peke yake haitoi rangi. Chukua wiki ya Maulidi, watu wanamiminika kutoka kila upande, boti za kuvuka kutoka Mokowe kule bara zinakwenda na kurudi mchana kutwa zimeshona watu, tena wengi ni wageni hawajui hata kuogelea. Upepo ambao wiki nyingine ungepewa njano, wiki hiyo mimi ningeupa chungwa bila kusita, manake waliomo majini ni wengi zaidi.

Sasa njooni kwenye mlango wa Shela, pale vyombo vinapoingilia Lamu kutoka bahari kuu, hapa nataka tukae kidogo kwa sababu hakuna kompyuta itakayotuambia haya kama sisi hatujayasema. Kusi ikivuma na maji yanajaa, upepo na mkondo vinakwenda njia moja, bahari inapanda lakini inapitika. Maji yakigeuka yakaanza kutoka, tena yawe ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo unatoka kwa nguvu unakutana uso kwa uso na mawimbi yanayoingia, basi mawimbi yanafupika, yanasimama wima, yanavunjika palepale mlangoni. Upepo haujaongezeka hata noti moja! Saa tatu umepita salama, saa sita hapapitiki. Kila nahodha aliyeko hapa anajua, lakini kwenye onyo rasmi haimo, na mgeni aliyekodi boti kwenda kuvua hajui.

Na kuna hatari inayokuja jua likiwaka. Mwisho wa 2023, mvua za El Niño, barabara ya Garsen kuja kwetu ilimezwa na maji pale Gamba, magari yakakwama, unga na mboga vikapanda bei huku. Maji yale mengi yalinyesha mbali, milima ya Aberdare na Mlima Kenya, yakateremka na Tana siku kadhaa. Ndugu zetu wa Malindi vivyo hivyo, Sabaki yao ndiyo Athi ya kule juu, mvua ya Nairobi inakuja kumfurikia mkulima wa Magarini. Kwa hiyo onyo la mvua kubwa ya bara lingefaa limwambie mwenye duka wa Lamu aagize mzigo mapema, na mama mwenye mimba ya miezi tisa kule Witu asingoje siku ya mwisho kwenda hospitali.

Na si kwetu tu maji yanakuja nyuma ya upepo. Msumbiji 2019 kimbunga Idai kilijulikana kinakuja siku kadhaa kabla ya kutua Beira. Watu zaidi ya 1,000 walikufa huko na Zimbabwe na Malawi, na wengi walikumbwa na mafuriko, maana mito ya Buzi na Pungwe iliendelea kufurika upepo ukiwa umeshapita.

Mimi mesej ningeiandika hivi: Kesho Jumatano, saa tano asubuhi mpaka saa kumi, maji yakitoka, mlango wa Shela utakuwa mbaya sana kwa boti ndogo. Mitumbwi isitoke nje ya mwamba. Wenye wagonjwa wa kutoka Pate waondoke asubuhi mapema maji yakijaa. Mapaa ya makuti yaliyolegea yafungwe leo. Basi, fupi, mtu anaelewa hata akisomewa na mtoto.

Ili iandikwe hivyo inatakiwa kumbukumbu, na kumbukumbu ziko vichwani mwenu. Naomba kila BMU iwe na daftari. Chombo kikizama au kikikosea kidogo kuzama, andikeni tarehe, saa, mahali, chombo aina gani, maji yalikuwa yanajaa au yanatoka, upepo wa wapi. Hata siku onyo lilitoka na hakikutokea kitu, andikeni pia.

Mzee ameuliza hapa mbele, je mkitutisha halafu isitokee? Swali zuri. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Tanzania upande wa Mafia, kama kilomita 600 kutoka hapa, na wapo waliosema huku tumetishwa bure. Mzee wangu, njano mara nyingine maana yake ni kwamba uwezekano ni mdogo lakini likitokea ni msiba. Siku ya njano sikuambii ufunge kazi. Nakuambia uangalie mashine, ubebe maboya ya kuwatosha wote, na umwachie mtu wa nyumbani habari unavua wapi na unarudi saa ngapi. Siku ya nyekundu ndio naomba chombo kibaki pwani, na hapo BMU isimame imzuie hata mwenye haraka.