Dakika Kumi za Aliyefukiwa

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari zenu. Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja hapa Moshi kipindi hiki cha masika, wakati Mlima Kilimanjaro hauna wageni wengi na wengi wenu mko shambani. Nimeombwa nizungumze nanyi mnaoongoza wageni mlimani kuhusu vifaa vya uokoaji, na nitaanzia mbali kidogo, kwenye milima ya Alps huko Ulaya, kwa watu wanaoteleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, nje ya njia zilizotengwa. Najua kuna anayejiuliza sisi na skii wapi na wapi. Nivumilieni. Wenzetu wale wamelilipia somo hili kwa roho za watu, na sisi tunalikuta limeshalipiwa.

Theluji hujipanga kwa matabaka. Tabaka la chini likiwa dhaifu na la juu likiwa limeshikana, uzito wa mtu mmoja unatosha kulikata. Bamba zima linaachia na kushuka na kila kilicho juu yake. Miteremko inayoongoza kwa ajali ni ya kati ya digrii 30 na 45, na hiyo ndiyo wapenzi wa skii wanayoifuata. Katika ajali nyingi zilizoua watu, aliyeliachia poromoko ni marehemu mwenyewe au mtu wa msafara wake.

Likishasimama, theluji inashika kama zege. Aliye chini hawezi kuinua hata mkono. Wengi wao hawafi kwa baridi, wanakufa kwa kukosa hewa. Takwimu za Uswisi zinasema hivi: wanaofukuliwa ndani ya dakika 10, zaidi ya tisa kati ya kumi wanapona. Wanaofukuliwa kati ya dakika 10 na 30, wanapona kama watatu tu kati ya kumi. Uswisi ina helikopta za uokoaji, na bado helikopta haifiki, ikatua, watu wakashuka na kuchimba, yote ndani ya dakika 10. Kwa hiyo mwokoaji ni yule uliyekuwa naye mteremkoni. Hakuna mwingine.

Ndiyo maana kila mmoja wao anabeba vitu vitatu: transiva, fimbo na koleo. Transiva ni redio ndogo inayofungwa kifuani, chini ya koti, na inarusha mawimbi ya kilohezi 457 tangu asubuhi mpaka watu warudi. Duniani kote ni masafa hayo hayo, ili mgeni wa Japani apatikane kwa kifaa cha Mfaransa. Mwenzao akifukiwa, waliobaki wanageuza vifaa vyao kutoka kurusha kwenda kupokea. Wote. Mmoja akisahau, wenzake watamtafuta yeye aliyesimama wima, huku aliye chini anaisha. Na simu ikikaa karibu na transiva inavuruga mawimbi, kwa hiyo wanaiweka mbali na kifua.

Namba kwenye kioo zinapungua kadiri unavyomkaribia. Ukifika pale zinapokuwa ndogo kabisa, unatoa fimbo ya kuunganisha, ndefu kuliko mtu, na kuchoma theluji kwa kuzunguka kutoka katikati kwenda nje, kila tundu sentimita kama 25 kutoka jingine. Ikigusa mwili unaihisi mkononi: inadunda kidogo, tofauti na mwamba. Hapo usiichomoe! Ndiyo alama yako. Unashuka hatua chache chini yake, unachimba kwa koleo la chuma kuingia ubavuni mwa mteremko. Ukichimba kutokea juu unamkanyaga na kumfunga hewa aliyonayo. Kuchimba ndiko kunakomaliza muda, kuliko kutafuta. Mwenye koleo la plastiki atajuta, theluji ile inalivunja.

Upo pia mfuko wa hewa wa begani. Ukivuta kamba unafura na kukusaidia kubaki juu ya poromoko. Ni kifaa kizuri, ila haukukingi na mti wala mwamba.

Sasa tuje kwetu. Kibo, kilele chetu cha Kilimanjaro, haitupi maporomoko ya theluji ya namna ile. Inatupa mawe, na tangu Januari 2006, mawe yalipoua Wamarekani watatu kwenye njia ya Western Breach, hakuna mwongozaji asiyelijua hilo. Lakini kinachotusumbua kila msimu ni urefu wenyewe: maji kujaa kwenye mapafu na ubongo kuvimba. Na hapa nawaomba tuulizane kwa ukweli. Usiku wa kupandisha kilele, mtungi wa oksijeni uko wapi? Mara nyingi uko kambi ya Barafu, kwenye hema, na mgonjwa yuko karibu na Stella Point, ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 1,000 juu. Mtungi huo ni sawa na koleo lililobaki hotelini.

Msaada wa haraka kule juu ni ninyi na kilicho kwenye mabegi yenu. Mtungi upande na kundi, na regulata, ile valvu ya kupimia oksijeni inayotoka, iwe imeshafungwa na kujaribiwa kambini. Msisubiri kuifunga saa nane za usiku kwa vidole vilivyokufa ganzi. Oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni ya damu, nayo inadanganywa na kidole cha baridi. Kipashe moto kwanza ndipo usome. Na kuna kipimo kisicho na betri: mwambie mgeni atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kiatu. Akiyumba kama mlevi, safari ya kilele imeisha, hata akilia, hata kama amelipa kiasi gani. Anashuka sasa hivi, na mtu mmoja hamwachi mkono.

Mfuko wa presha, ule anaolazwa mgonjwa ndani, kwa kimo cha Barafu unamfanya mwili wake uone kana kwamba ameshushwa zaidi ya mita 1,500. Hautibu. Unanunua muda, hasa njia ikiwa haipitiki, na akitoka bado lazima ashuke. Pampu isisimame hata kidogo, maana ndiyo inayompa hewa mpya na kutoa aliyokwisha kuipumua. Wapagazi nao wafundishwe kuipiga, kwa sababu mikono inachoka. Wao pia wanaugua, na mfuko ni wao kama ulivyo wa mgeni.

Mfuko umeshatandikwa hapo nje chini ya mti. Nataka watu watatu: mmoja aingie, wawili wapokezane pampu, na wewe mwenye saa uhesabu tangu zipu inapofungwa. Tukimaliza, kundi jingine.